Mkaguzi na Injini Mbili

Mkaguzi alikuwa mtu wa kuchosha, na anayesema vinginevyo hakuwahi kupakana naye ukuta. Mimi nilipakana naye Shangani miaka kumi na minne. Nilikuja Mtwara kutoka Njombe, nimeajiriwa na wakala wa forodha pale bandarini, nina sweta mbili na ahadi niliyojipa kwamba nitakaa miaka miwili tu. Siku ninahamia, lori lililoniletea vyombo halijazimwa, mzee wa kanzu akatokea nyumba ya pili, akalizunguka mara moja, akaniuliza, "Hili nani kalipitisha? Breki ya nyuma kushoto haishiki." Huko ndiko kukaribishwa nilikokaribishwa. Neno "karibu" lenyewe alilisema kesho yake.

Alikuwa amestaafu tayari. Kazi yake yote ilikuwa kukagua magari kabla hayajaruhusiwa kuingia barabarani, na cheo kile kilimganda hata msikitini wakamwita Mkaguzi. Mkewe naye alimwita hivyo hivyo, ila yeye alikuwa akidhihaki. Alitembea na kijiti cha mpingo, urefu wa mkono. Akisikia gari limesimama linanguruma, atakwenda, atamwambia mwenyewe afungue boneti, ataweka ncha moja ya kijiti kwenye injini na ncha nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio. Halafu atafumba macho. Unaweza kuwa katikati ya kumsimulia msiba wa baba yako mzazi. Mimi yalinikuta. Bajaji ilipita, akaniinulia kidole ninyamaze, akamkimbilia dereva. Aliporudi alisema, "Endelea, mama. Baba alikufa saa ngapi?"

Niliapa sitamsemesha tena. Niliweza siku tatu.

Jumamosi asubuhi kibaraza chake kilijaa watu wenye simu mkononi. Siku hizi mtu anaagiza gari kutoka ng'ambo akiwa amelala kitandani kwake, anatazama picha. Hofu inamjia kwenye kuchagua injini, kwa sababu gari lile lile linatoka na injini mbili tatu, na ukishaagiza umeagiza. Hapo ndipo walipomkumbuka Mkaguzi. Naye hakutaka kuona picha. Alisema, "Weka simu. Nitajie barabara zako."

Mkandarasi mmoja wa Madimba alikuja, tumbo mbele, anataka gari la silinda nane. Mkaguzi akamtajisha barabara. Nyumbani mpaka mtamboni, kule kwenye gesi. Mtamboni mpaka mjini. Ijumaa msikitini. Mwisho wa mwezi Lindi, labda.

"Matuta mangapi hapo?"

"Ah, Mkaguzi, matuta nani anahesabu?"

"Gari linahesabu. Ukinunua silinda nane kwa safari hiyo, nne zitavuta, nne zitakaa kupiga soga."

Watu walicheka mpaka mkandarasi akacheka mwenyewe. Akaagiza silinda nne. Kila aliyekuja pale aliambiwa ndogo: mwalimu mkuu mama wa Kichagga, mkulima wa Ziwani aliyeuza korosho vizuri mwaka ule, nesi, shehe. Ndogo, ndogo, ndogo. Ukibishana naye sana Kiswahili kilimpotea kidogo, "mimi" ikawa "nangu" ya kwao. "Nangu nasema ndogo! Nenda kamuulize mwingine basi!" Na hakuna aliyekwenda kumuuliza mwingine.

Sasa nikueleze upande wa pili wa mtu huyu, ambao wale wa Jumamosi hawakuujua.

Fedha alikuwa nayo, hilo tulimalize mapema. Alikuwa na mikorosho mingi, na hakuwa mtu wa anasa. Alipanda baiskeli. Lakini alitaka kitu kimoja duniani, gari la michezo la kifahari, la milango miwili, lile linalokaa chini hata ukiingia ni kama unakaa kwenye mkeka. Miaka ile ya pilikapilika za gesi mgeni mmoja alileta moja hapa mjini. Lilipita Shangani asubuhi moja. Mkaguzi alikuwa anakwenda dukani kununua sukari, akasimama barabarani mpaka sauti yake ikapotelea kule, kisha akarudi nyumbani bila sukari. Mkewe alinisimulia. Alisema, "Nilimwona usoni, nikajua nimeletewa mke mwenza."

Tangu siku hiyo alilitafuta. Na ole wetu, gari hilo nalo linatoka na injini mbili. Ndogo ni silinda nne, lita mbili, ina tabo ya kuisukumia hewa ipate nguvu. Kubwa ni silinda sita, lita tatu. Umbo ni lile lile, viti ni vile vile. Alichapisha picha za injini zote mbili, akazibandika kwenye mlango wa friji, moja kulia, moja kushoto, na kila ukiomba maji ya baridi nyumba ile ulipita katikati yao.

Alichagua kwa miaka tisa.

Yeye! Mtu aliyemwamulia mkandarasi kabla chai haijapoa. Mkewe alisema, "Kinyozi hajinyoi," akaendelea kukuna nazi. Mimi sikuwa na nazi ya kukuna. Mimi jioni nilitembea barabara ya ufukweni kunyoosha miguu, daktari ameniagiza kwa ajili ya presha, na Mkaguzi alitembea nami, naye kazi yake kunieleza injini. Ndogo ni nyepesi, pua ya gari haizami kwenye kona. Ndogo hainywi mafuta sana. Ndogo ukikanyaga inakusubirisha kidogo, tabo ijae, ndiyo ikusukume. Kubwa haikusubirishi, inakuitikia hapo hapo. Kubwa haihangaiki. Akifika hapo kwenye kubwa, sauti ilimshuka na hatua zikapungua, na mimi nikajikuta nimemtangulia peke yangu, naongea na upepo.

Nilijua. Mtoto mdogo angejua. Lakini alikuwa ananieleza tu, hakuwa ananiuliza, na kwa Mkaguzi hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Hapa lazima nieleze utaratibu wake wa kazi, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka humo.

Alikuwa na sheria yake mwenyewe: gari halipiti kwa jicho moja. Akimaliza kukagua alimtafuta mtu wa pili, yeyote aliye karibu, aangalie naye. Mwenzake ofisini akiwa hayupo alimwita mama wa vitumbua. Anamkalisha kwenye usukani, "Kanyaga breki. Sasa shuka, njoo uinamie hapa. Usiniambie unachodhani, niambie unachokiona." Mama anainama na mikono yake ya unga, anasema naona kuna maji yanatiririka. Basi, gari halipiti. Madereva walimchukia kwa hilo. Uangalizi huo aliuita jicho la pili, na mtu akishalitoa, Mkaguzi hakubishana nalo hata liwe la nani.

Asili ya sheria hiyo alinisimulia mara moja tu, tena siku ya Idd. Kila Idd alikuja mzee mmoja nyumbani kwake, anachechemea, mguu wa kulia haukunjiki. Walikula pilau pamoja kimya, mzee akaaga, akaenda zake. Nikauliza ni ndugu? Akasema hapana, huyu alikuwa dereva wa lori la korosho. Zamani, siku hiyo mwenzake ofisini amekwenda msibani, lori lile lililetwa kukaguliwa. Injini kubwa, mpya, inanguruma vizuri. Mkaguzi akaweka kijiti sikioni, akaisikiliza, akaisikiliza, akanogewa. Breki akazipita juu juu. Jioni yake, mteremko wa Newala, lori likamshinda dereva.

"Hajanilaumu hata siku moja," alisema. "Anakuja, anakula, ananiombea dua, anaondoka. Bora angenitukana, mama."

Nilimwongezea kachumbari.

Sitaki umdhanie mtu wa huzuni tu, la! Alikuwa na makeke. Aliweka sukari vijiko vitano kwenye kikombe kimoja, kisha akamgombeza nesi kwa kutobadilisha oili kwa wakati. Aliwaambia watu wa Jumamosi, "Gari halinunuliwi kwa kutazama picha," na friji lake likiwa nyuma ya pazia tu. Hakusema uongo juu ya gari la mtu yeyote, lakini juu ya macho yake mwenyewe alidanganya kama kibaka. Alisoma gazeti limegusa pua, ukimuuliza anasema mwanga mbaya. Mwaka wa nane wa kuchagua, mkewe alimburuta kwa daktari. Ikawa ni presha ya macho. Daktari hakumficha: dawa zitachelewesha, hazitarudisha. Kwa usalama ataendesha miaka miwili, labda mitatu, mchana tu.

Kwa hiyo kulikuwa na mzee anayetaka gari moja maishani, injini mbili za kuchagua, na macho yanayofungika. Ungedhani sasa ataharakisha. Akachagua mwaka mwingine mzima. Alifuta jasho, alipiga mahesabu ya uzito wa mbele na uzito wa nyuma, alikwenda kupima kona za barabara ya uwanja wa ndege kwa baiskeli. Mkewe alimwambia, "Mwoe tu huyo mke mwenza, Mkaguzi, nimechoka kumsubiri." Alicheka, lakini jikoni niliwahi kumkuta amezishika zile picha mbili anazitazama, na wakati huo hakuwa anacheka.

Sasa niseme la kwangu.

Ilikuwa msimu wa korosho. Asiyefanya kazi bandari ya Mtwara msimu wa korosho asinieleze habari za kuchoka. Malori yamepanga foleni, meli inasubiri, wenye mzigo wanakupigia simu wote kwa pamoja, na mtandao wa kuingiza nyaraka umekata tangu asubuhi. Siku hiyo nilitukanwa na watu wanne, na wa tano alilia, jambo ambalo ni baya zaidi. Nilirudi nyumbani miguu imevimba, viatu nimevishika mkononi. Getini kwangu alisimama Mkaguzi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mkononi alikuwa na picha mbili alizozibandua kwenye friji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Pole na kazi. Leo sikuelezi kitu. Leo naomba jicho lako la pili."

Miaka tisa sikuwahi kulisikia neno hilo likielekezwa kwangu. Nilijua uzito wake. Nilijua kwamba nitakalosema ndilo atakaloagiza, na kwamba hatakuja kubishana nami. Alininyooshea zile karatasi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama mlango wa nyumba yangu, nawaza beseni la maji ya moto na chumvi.

"Ndogo," nikasema. "Chukua ndogo, Mzee. Macho yako mabovu, barabara zina matuta, unataka nini kingine? Ndogo."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

Sikuwa nimeangalia. Karatasi hata sikuzipokea. Alizikunja mara mbili, akazitia mfukoni mwa kanzu, akasema asante mama, kapumzike. Nikaingia ndani, nikaloweka miguu, na kabla maji hayajapoa nilikuwa najua nimefanya vibaya. Nilijiambia nitakwenda kesho kumwambia. Kesho yake kulikuwa na meli. Keshokutwa alikwisha agiza.

Gari lilifika. Nyaraka zake nilizishughulikia mwenyewe, bila kosa hata moja, kama vile hilo lingesaidia. Lilikuwa la kijivu, zuri, hata wasiojua magari walinyamaza lilipopita. Shangani nzima ilitoka. Mkandarasi wa Madimba alikuja akalizunguka, akauliza, "Silinda ngapi, Mkaguzi?"

"Nne."

"Alhamdulillahi! Umefuata ushauri wako mwenyewe."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa tu.

Aliliendesha asubuhi, mpaka uwanja wa ndege na kurudi, anapanda matuta kimshazari lisikwaruze tumbo. Jumamosi watu walimuuliza linakwendaje. Alijibu neno lile lile alilokuwa akiandika kwenye fomu za serikali: "Halina kosa." Nami kila asubuhi nilisikia ng'ambo ya ukuta likiwashwa, linalia kistaarabu kama cherehani, nikaacha chai yangu nusu. Nilimchunguza. Hakuweka kijiti. Gari la kila mpita njia aliliwekea kijiti sikioni, lakini la kwake mwenyewe sikumwona akiliwekea hata siku moja. Matembezi ya jioni nayo yaliisha mazungumzo ya injini. Alinitembeza akinisimulia bei ya korosho. Nilikuwa nimeomba miaka tisa anyamaze kuhusu injini, na aliponyamaza sikupata raha niliyoitegemea.

Mwaka na nusu ulipita hivyo. Halafu barua yangu ikaja, nastaafu, narudi Njombe. Nilifunga mizigo, nikagawa vyombo, nikabakiza wa kumuaga mmoja. Nilikwenda asubuhi, jua limeshapanda. Mkewe alinielekeza kwa kidevu uani. Gari lilikuwa limeegeshwa, vioo vimeshushwa, na Mkaguzi amekaa ndani, kiti cha abiria. Macho yalikuwa yamekwisha karibu yote. Mwezi mzima hakuwa ameliendesha.

"Nani?"

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo. Nimekuja kuaga."

"Marahaba. Ingia, mama, ukae. Upande ule uko wazi."

Nikaingia upande wa usukani, magoti karibu na kidevu. Mimi sijui kuendesha hata toroli. Tulikaa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuaga, ya kumshukuru kwa ujirani, yote yakayeyuka. Nikasema, "Mzee, kuna jambo linanikaa kooni. Siku ile getini sikuangalia. Nilikuwa nimechoka, nilitaka uondoke. Nilikudanganya."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Mama, mtu aliyeangalia na mtu asiyeangalia, mimi siwatambui? Kazi gani nyingine nilifanya maisha yangu yote?"

"Sasa kwa nini uliagiza?"

Alipapasa dashibodi kwa vidole, pole pole, mpaka mwisho, akavirudisha mapajani.

"Siku nyingine zote ulikuwa ukiangalia. Ukitembea nami pale ufukweni, ulikuwa unaniangalia mimi. Nikajua nikikuuliza utasema kubwa. Na ukishasema, sheria yangu mwenyewe inanibana, lazima niagize kubwa. Nangu niliogopa, mama. Kitu nikikipenda nakikagua vibaya. Nimemlemaza mtu kwa ajili hiyo. Basi nikasubiri msimu wa korosho. Nikakuona unakuja na viatu mkononi, nikasema leo huyu amechoka, leo ndiyo siku yake."

Hasira niliyoipata sijawahi kuipata. Mwaka na nusu nimebeba lile jambo, nimepiga magoti kanisani kwa ajili yake, kumbe mzee wa watu alinivizia getini kwangu kama mwizi wa kuku! Nilifungua mdomo nimwambie hivyo hivyo. Nikamtazama. Amekaa wima, amevaa ile kanzu ya pasi, kiti cha abiria, ndani ya gari lisilo na kosa.

"Unajuta?" nikamuuliza.

"Kila nilipoliwasha."

Mkewe alipita na ndoo, akatutazama, akaendelea na safari yake.

"Ungesema kubwa," alisema Mkaguzi. "Ama nimekosea?"

"Hukukosea. Ningesema kubwa, Mzee."

Akafumba yale macho yasiyokuwa na kazi tena, akainamisha kichwa upande wangu.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena.